Siku Niliyohesabiwa Meno

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Nina cheti cha kazi hii, na nimeifanya kwa miaka 9. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kwa pikipiki na kutazama madarasa ya kisomo. Mahali ambapo mwalimu hayupo, nashika chaki mwenyewe. Vijiji vyangu viko upande wa Mlima Meru, mkoani Arusha.

Jioni moja nilikuwa nafundisha. Somo lilikuwa afya ya kinywa. Niliandika ubaoni: "Nenda ukapimwe meno kabla hayajauma." Wanakisomo walisoma wote pamoja, halafu mmoja mmoja. Mama mmoja muuza ndizi alisoma vizuri sana. Mwaka wa kwanza alikuwa akifuata maneno kwa kidole. Sasa anasoma mikono ikiwa mapajani. Alipofika kwenye nukta akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulikwenda lini?"

Darasa lote likanyamaza. Nilikuwa na miaka 36. Sikuwahi kwenda hata siku moja kupimwa meno ambayo hayaumi. Nikasema kweli: "Sijakwenda."

Mzee mmoja aliyekaa nyuma akacheka. "Basi mwalimu afute ubao," akasema.

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini moyoni niliona haya. Nikawaahidi kwamba nitakwenda, na nikirudi nitawaeleza yote niliyoyaona.

Ndugu msomaji, labda na wewe hujakwenda. Mimi najua sababu yangu. Nilipokuwa na miaka 14, gego liliniuma wiki nzima. Shavu lilivimba hata jicho likafumba. Nilipelekwa mahali fulani kung'olewa. Aliyening'oa alipiga sindano ya ganzi, lakini hakungoja ganzi ishike. Sitaeleza zaidi. Tangu siku ile, nikisikia maneno "hospitali ya meno", naona koleo.

Tena si mimi peke yangu. Bibi yangu alijifunza kusoma katika kisomo cha miaka ya 1970. Mwaka 1973 alikaa na kikundi chake kando ya redio kusikiliza vipindi vya "Mtu ni Afya". Alichimba choo, alifyeka nyasi kuzunguka nyumba, alichemsha maji ya kunywa. Lakini jino lilipomuuma alitafuna karafuu mpaka jino likaoza lote. Kwetu, mtu wa meno ni mtu wa kung'oa. Hakuna anayemwendea kwa hiari, kama vile mbuzi haendi kwa hiari kwa mchinjaji.

Nilipanga kwenda siku ya Jumanne. Usiku wa Jumatatu mtoto wetu akaanza kuharisha. Alikuwa na miezi 7. Mwili ulikuwa wa moto na hakulala. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alimchukua mapajani. Akamfungua kinywa karibu na taa, akapitisha kidole kwenye ufizi wa chini.

"Haya hapa," akasema. "Ni meno ya nailoni."

Mke wangu akanitazama. Watu wengi wa kwetu wanajua maneno haya. Wengine husema meno ya plastiki. Wanaamini kwamba mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, meno mabaya yamejificha ndani ya ufizi. Yasipotolewa, mtoto atakufa. Yuko mtu wa kuyatoa. Anapasua ufizi kwa kitu chenye ncha na kuchokoa. Kinachotoka ni kidogo, cheupe na laini, nacho huonyeshwa kwa wazazi.

Nilisema, "Asubuhi mtoto apelekwe zahanati." Mama hakujibu. Mimi sikutaka kubishana naye usiku ule. Nikasema moyoni, tutazungumza nikirudi. Kumbe hilo lilikuwa kosa.

Asubuhi nilipiga mswaki, nikanywa chai na kula viazi. Ni vizuri kula kabla ya kwenda, maana unaweza kukaa foleni muda mrefu. Nikachukua kadi yangu ya bima na miwani. Nikafika hospitali ya wilaya saa mbili na nusu.

Kwanza ni dirishani. Pale wanaandika jina, umri na kijiji. Niliuliza gharama kabla sijalipa kitu, na mtu wa dirishani hakuona vibaya. Kutazamwa kuna bei yake, kuziba kuna bei yake, kung'oa kuna bei yake. Ukiuliza mapema hutashtuka baadaye. Mwenye bima huuliza pia kama bima yake inalipia kazi ya meno, na ni kazi zipi.

Nilingoja kwenye benchi pamoja na watu 6. Watano kati yao walikuwa wameshika shavu. Wa sita alikuwa kijana aliyemsindikiza mmoja wao. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Wewe jino lako lipi?" Nikamwambia haliumi hata moja. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mgonjwa wa aina nyingine.

Nilipoitwa ndani niliona kiti kirefu kinacholala, na taa kubwa juu yake. Kando palikuwa na beseni dogo la kutemea mate. Daktari alikuwa mama wa makamo. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani na kazi. Aliposikia mimi ni mwalimu wa watu wazima alifurahi. "Kaa, mwalimu," akasema. Lakini hakunilaza. Alichukua kalamu kwanza.

Aliniuliza maswali mengi ambayo sikuyatarajia. Je, nina shinikizo la damu? Nina kisukari? Natumia dawa gani? Kuna dawa inayonidhuru nikiinywa? Nikijikata, damu inachelewa kukauka? Navuta sigara au kutumia ugoro? Nanywa pombe? Wanawake huulizwa pia kama ni wajawazito. Nilimwuliza, "Daktari, shinikizo la damu na meno vinahusianaje?" Akaeleza kwamba ganzi na dawa nyingine hutolewa kwa kutazama hali ya mwili mzima. Tena mwenye kisukari fizi zake huumwa upesi, na fizi mbovu nazo huzidisha kisukari. Kwa hiyo usimfiche daktari kitu. Kama unatumia dawa na hujui jina lake, beba pakiti yake. Sasa unajua kusoma, lakini majina ya dawa yanamsumbua hata mwenye cheti.

Halafu alinawa mikono. Akavaa glovu mpya mbele yangu. Vyombo vyake alivitoa katika mfuko uliofungwa, akaupasua nikiona. Aliniambia kwamba vyombo vikishatumiwa huoshwa, kisha hupikwa kwa mvuke wa moto mkali ili kuua vijidudu vyote. Sindano hutumika kwa mtu mmoja na kutupwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza jambo hili. Daktari mwema hakasiriki.

Kiti kikalala, na mimi nikalala nacho. Mikono yangu ilishika kiti kwa nguvu. Aliona, akasema, "Mwalimu, leo sing'oi. Leo natazama tu. Ukisikia vibaya, inua mkono wa kushoto, nami nitaacha."

Hayo maneno yalinitoshea. Mikono ikalegea.

Kabla ya meno alishika shingo yangu, chini ya taya, pande zote mbili. Anatafuta uvimbe. Akatazama midomo kwa ndani, mashavu kwa ndani, kaakaa, na ulimi juu na chini. Aliushika ulimi kwa kitambaa akauvuta kando. Anatafuta kidonda kisichopona, au doa jeupe au jekundu. Vitu hivyo vinaweza kuwa mwanzo wa saratani ya kinywa, na mara nyingi mwanzoni haviumi. Kidonda cha kinywani kikikaa zaidi ya wiki 2 bila kupona, mtu aende akaonwe.

Sasa ikaja hesabu. Alishika kioo kidogo chenye mpini na kijiti chembamba cha chuma. Muuguzi alikaa na kalamu. Kinywa kinagawanywa sehemu 4: juu kulia, juu kushoto, chini kushoto na chini kulia. Kila sehemu ya mtu mzima ina meno 8. Nane mara nne ni 32. Jino la kwanza ni la mbele katikati, la nane ni gego la mwisho nyuma kabisa. Daktari akitaja namba, muuguzi anaandika. Kile kijiti anakigusisha tu juu ya jino. Hakichomi. Kinasikika kama ukucha juu ya kikombe.

"Juu kulia, yote yapo. Juu kushoto, sita lina tundu dogo. Chini kulia, sita halipo."

Hilo la sita ndilo gego langu la miaka 14. Daktari aliniambia kwamba hilo ndilo jino linalodanganya wazazi. Huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lingine kung'oka kulipisha. Wazazi hufikiri ni jino la utoto, kwamba likioza litaota lingine. Halioti lingine. Hilo ni la maisha.

"Chini kulia, tatu ni dogo na lina kasoro," akaendelea. "Chini kushoto, tatu halipo."

Hapo akasimama. Akasogeza taa. Akatazama tena kwa kioo.

"Mwalimu, jino hili uling'oa lini?"

"Hilo sikung'oa, daktari. Halikuota kabisa. Nimekua na pengo."

"Na ulipokuwa mtoto mchanga, ulitolewa meno ya nailoni?"

Nilinyamaza. Sikujua. Hakuna aliyewahi kuniambia. Daktari akainua kiti nikaketi. Akachukua karatasi akanichorea taya la mtoto mchanga. Nitajaribu kueleza kama alivyonieleza.

Mtoto huzaliwa na meno yake yote ya utoto yakiwa ndani ya taya. Ni 20. Meno ya chonge ni yale marefu ya pembeni, jino la tatu kuhesabu kutoka katikati. Kabla ya kuota, chonge husukuma ufizi, na mahali pale huonekana pamevimba na peupe. Ndiyo hiyo inayoitwa nailoni. Ni jino la kweli ambalo bado ni changa. Kwa sababu halijakomaa ni laini, na mtu akiliona anaamini kwamba ni kitu kigeni. Chini yake kabisa mbegu ya chonge la ukubwani nayo inajengwa. Anayechokoa anaharibu yote mawili. Mtoto akikua anakuwa na pengo, au chonge linaota dogo na bovu.

"Pengo ni jambo dogo," daktari akasema. "Wengine huletwa hapa wamevuja damu nyingi. Wengine jeraha limeingia vijidudu, na vimesambaa mwilini. Chombo kimoja hutumika kwa watoto wengi, kwa hiyo hata Virusi vya UKIMWI vinaweza kupita hapo. Na kuharisha kwenyewe kunabaki palepale, hakujatibiwa. Wako watoto wanaokufa."

Nikauliza, "Lakini kwa nini watoto wengi huharisha wakati ule ule ufizi unapovimba?"

"Kwa sababu ni umri ule ule," akajibu. "Mtoto wa miezi 6 au 7 anaanza kula uji. Anaanza kutambaa. Kila anachookota anatia kinywani. Vijidudu vinaingia kwa mkono na kijiko. Meno nayo yanajiandaa. Mambo mawili yanatokea pamoja, watu wanasema moja limezaa lingine."

Nilimwambia, "Daktari, mtoto wangu anaharisha tangu jana. Mama yangu ametazama ufizi."

Hakunijibu kwa maneno mengi. Alisema, "Piga simu sasa."

Nilitoka nje. Mke wangu akapokea. Alisema wamekwenda zahanati, mtoto amepimwa na wamepewa dawa. Nikashukuru. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini mama ametoka na mtoto sasa hivi. Anasema anakwenda kwa shangazi." Shangazi yangu anaishi karibu na yule mtu wa kuchokoa ufizi.

Nikampigia mama. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Mara ya tatu akapokea. Nilisikia bodaboda karibu naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nakuomba unisubiri hapo ulipo. Nakuja."

Sikusema lingine. Mtu hamfundishi mama yake kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nakusubiri."

Nilirudi ndani kuchukua kadi. Daktari aliandika tarehe ya kurudi, wiki ijayo, kuziba lile tundu na kukwangua ukoga. Nikaondoka. Ile njia ya lami sikuiona. Nilimkuta mama amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, mtoto amelala kifuani kwake ndani ya kanga. Nikaketi chini kando ya jiwe.

Alianza yeye. "Wewe ulikuwa na miezi 8," akasema. "Uliharisha siku 4. Macho yaliingia ndani. Kila mtu aliniambia, mtoto anakufia mikononi. Nikakupeleka. Ukapona. Leo una pikipiki na cheti."

Ndipo nilipojua. Na nakiri kwamba sikuwa na jibu la upesi. Angesema uongo ningebishana naye. Lakini alisema kweli: alinipeleka, nami nilipona. Katika vitabu vyangu vya cheti hakuna ukurasa unaoeleza namna ya kumjibu mama aliyekuokoa.

Nikavuta mdomo wa chini kwa kidole nikamwonyesha pengo. Akatazama. "Hilo nilidhani umerithi kwa babu yako," akasema.

"Mama, walichotoa siku ile kilikuwa jino langu. Ndiyo maana halikuota lingine."

Akanyamaza.

"Uliponipeleka, uliacha kuninyonyesha?"

"Ningeachaje? Ulinyonya usiku kucha. Ulikuwa hutaki kitu kingine."

"Basi kilichoniponya ni hicho," nikamwambia. "Maziwa yako yalirudisha maji yaliyopotea mwilini. Yule mtu alikuta kazi umekwisha kuifanya, akachukua sifa."

Hakusema ndiyo wala siyo. Alimfunika mtoto vizuri. Halafu akauliza, "Hiyo dawa ya zahanati inakorogwa na maji kiasi gani?"

Tulirudi nyumbani. Ile pakiti ya kuongeza maji mwilini hukorogwa katika maji safi ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Ya kwetu ilisema lita 1. Mtoto hunyweshwa kidogo kidogo kwa kijiko kila anapoharisha, na kunyonya kunaendelea. Walitupa pia vidonge vya zinki vya kuyeyusha, kimoja kwa siku, kwa siku 10. Mama alivihesabu kila asubuhi, hakuniachia mimi. Mganga wa zahanati alituambia pia dalili za hatari: macho kuingia ndani, mtoto kushindwa kunyonya, kulegea sana, damu katika choo. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Wetu hakufika huko. Siku ya tatu alianza kucheka na kutupa vijiko.

Wiki iliyofuata nilirudi hospitali, na mama akafuatana nami. Alisema anakwenda kuniona mimi nikizibwa jino. Lakini nilijua ana gego linalomsumbua tangu mwaka uliopita, maana alikuwa akitafuna upande mmoja tu.

Kuziba hakukuniuma. Daktari alichoma sindano ya ganzi, akangoja mpaka mdomo ukawa mzito kama si wangu. Akauliza, "Unasikia hapa?" Sikusikia. Mashine ndogo ililia kama nyuki. Ilitoa sehemu iliyooza, kisha akajaza tundu kwa dawa ngumu. Yote haikufika nusu saa. Alisema ningengoja mpaka liume, tundu lingefika kwenye mshipa wa jino, na pengine angeling'oa. Baada ya hapo usile mpaka ganzi iishe, usije ukajing'ata shavu. Mimi nilijing'ata.

Halafu akakwangua ukoga. Ule uchafu laini unaotanda juu ya meno ukiachwa hugeuka mgumu kama chokaa, na mswaki hauwezi kuutoa tena. Fizi zilitoka damu kidogo. Nilikuwa nimesikia kwamba kukwanguliwa kunalegeza meno. Daktari alisema jino linalolegea limekwisha kulegezwa na ugonjwa wa fizi, nao ule uchafu mgumu ulikuwa umelishikilia tu.

Nilimwuliza jambo lililokuwa moyoni mwangu siku nyingi. Meno yangu yana rangi ya kahawia, kama ya watu wengi wa upande wetu. Nilipokuwa nachumbia niliyasugua kwa mkaa uliosagwa mpaka fizi zikatoka damu. Mke wangu anajua habari hii na huwa anaisimulia kwa wageni. "Daktari, huwezi kuyasafisha?"

"Huo si uchafu," akasema. "Ni maji." Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi, kutokana na mawe ya volkano. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi, huharibu jino wakati linapojengwa ndani ya taya, yaani utotoni, mpaka kama miaka 8. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na chemchemi nyingine za kwetu zinapita hapo mara nyingi. Yakizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Kuchemsha hakuondoi madini haya. Maji yanapungua, madini yanabaki. Magadi tunayotia katika makande na maharage nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kwa watoto wadogo. Iko pia njia ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, ambayo ilifanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huku huku kwetu. Rangi iliyokwisha kuingia ndani ya jino haitoki kwa kusugua. Mkaa na mchanga hula jino tu. Dawa ya meno kwa mtoto mdogo iwe kidogo kama punje ya mchele, naye afundishwe kutema.

Mama alikuwa amesikiliza yote kutoka kwenye kona. Daktari akamgeukia. "Na wewe mama, karibu kitini. Sing'oi. Natazama tu."

Mama alipanda kiti huku ameshika mkoba wake. Aliulizwa maswali yale yale. Alisema ana shinikizo la damu, akatoa pakiti ya dawa kutoka mkobani. Aliulizwa kuhusu ugoro. Akanitazama mimi kwanza. Kisha akakubali: miaka 20. Ndani ya mdomo wa chini, mahali anapouweka, daktari aliona doa jeupe. Mama hakuwa akilijua, kwa sababu haliumi. Aliambiwa aache ugoro na arudi baada ya wiki 2. Lile gego lilikuwa limekwisha kabisa. Walikubaliana litang'olewa siku atakayorudi, shinikizo likipimwa kwanza.

Njiani mama alisema, "Yule daktari anauliza kama polisi." Lakini wiki 2 zilipokwisha alikuwa wa kwanza kuvaa. Ugoro hakuuacha siku moja. Aliupunguza, akaurudia, akaupunguza tena, na sasa ni miezi mingi hajaugusa. Doa lilipungua mpaka likaisha. Bado anaitwa kutazamwa kila miezi 6, kwa sababu daktari anataka kuwa na hakika. Mimi naitwa mara moja kwa mwaka. Kila mtu hupangiwa kulingana na kinywa chake.

Darasani nilieleza yote, kama nilivyoahidi. Nilichora taya ubaoni, tukahesabu 8 mara 4. Kila mwanakisomo alihesabu meno yake kwa ulimi na kuandika namba katika daftari. Mzee wa nyuma aliandika 11, akasema zilizobaki ziko likizo. Mama muuza ndizi aliandika 31. Halafu akapitisha kidole kwenye mdomo wake wa chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hilo la tatu ni hili hapa?" Lilikuwa hilo. Wanawake wengine wawili nao wakajigusa. Jioni ile hatukusoma ukurasa tuliopanga.

Mtoto wetu sasa ana mwaka 1 na miezi 8. Juzi usiku nilikuwa nasahihisha madaftari. Mama akaniita kutoka chumbani kwake, akasema nilete taa. Nilidhani mtoto anaumwa. Nikamkuta amemweka mapajani, kinywa wazi, kidole chake kikiwa juu ya ufizi wa chini upande wa kushoto.

"Sogeza taa," akasema. "Tazama. Limetoka."

Nilisogeza. Ncha ndogo nyeupe ilikuwa imepasua ufizi. Mama aliigusa taratibu kwa ukucha. Mtoto akamng'ata.